Tusikate resori za motokari zetu

Siku ya mushahara huku kwetu Kolwezi inasikilika mbele ya kuonekana. Kuelekea magaribi motokari za vijana zinaanza kupita, na kila moja ikifika kwenye dodani unasikia tumbo lake linakwaruza simenti: kraaa! Vijana wanacheka, watoto wa barabara wanapiga makofi. Motokari imelala chini mpaka vidole haviwezi kupita kati ya mupira na bodi. Wanasema hiyo njo sport.

Mimi ninasema hapana, na ninataka kueleza sababu. Sisemi sawa vile muzee mwenye wivu ambaye anapanda baskeli. Nilifanya miaka mingi kwenye garaji ya mashini kubwa za karieri, mikono yangu inajua amotiseri kuliko inavyojua kalamu. Tena jambo hili liliingia mpaka nyumbani mwetu.

Mudogo wangu, mutoto wa mama mudogo, anaendesha dampa. Mwaka uliopita alinunua Toyota Celica, zile zilizotengenezwa Japan tangu 1993 mpaka 1999, zenye taa ine za muviringo mbele na volani upande wa kuume. Rangi nyekundu. Alilipa na prime yake, akaongeza avansi ya mushahara. Siwezi kumulaumu. Muntu anayekaa saa kumi na mbili ndani ya vumbi ana haki ya kupenda kitu kizuri, na Celica ni kitu kizuri. Injini litre mbili, inavuta na magurudumu ya mbele, shasi yake ilifikiriwa vizuri na watu wenye akili. Lakini ilikuwa na umri karibu na umri wake mwenyewe. Ikipita kwenye tobo ilikuwa inalia mbele: toko, toko, toko.

Akaipeleka kwenye garaji moja ambayo sitaitaja jina. Pale wakamwambia, "Shefu, tutakutengenezea suspansio ya course." Wakatoa resori zote ine, wakakata duara moja na nusu kwa kila moja, wakazirudisha. Amotiseri ziliachwa zile zile. Silambloki ziliachwa zile zile. Ile toko-toko haikuisha, ila radio iliongezwa sauti.

Akakuya kunionyesha. "Yaya, unaona vile inalala? Sasa iko inashika barabara!"

Nikaweka mikono miwili juu ya bodi mbele, nikasukuma. Haikushuka. Ilikuwa imekwisha kugonga mwisho, imekaa juu ya kipande cha mupira cha kuzuia, sawa vile muntu anayesimama juu ya visigino. Nikamwambia, "Mudogo, hii si suspansio tena. Rudisha." Akacheka: "Yaya, weye unazoea paka madampa." Na mimi nikanyamaza, juu motokari ni yake na pesa ni yake. Kunyamaza kule njo kosa langu, na njo sababu naandika leo.

Wiki tatu nyuma yake kulikuwa matanga Likasi. Wakapanda yeye, bibi yake, shemeji, na watoto wawili. Kiti cha nyuma cha watu wawili kikabeba watatu. Ndani ya kofa, mufuko wa bukari na vyombo vya kupikia. Walipopita Fungurume, kamyo ya minerai ikatoka mbele yao katikati ya barabara. Mudogo akajitupa pembeni. Ukingo wa gudroni ulikuwa umeliwa na mvua, gurudumu la mbele likaanguka ndani ya tobo. Hapa nisikilizeni vizuri: gurudumu likianguka, resori inapaswa kujinyoosha na kulifuata. Lakini resori iliyokatwa ni fupi, inabaki huru hewani, inatoka ndani ya kikombe chake. Gurudumu liliporudi juu, resori ilikaa upande, ikapasua mupira. Motokari ikazunguka mara mbili na kusimama ndani ya majani.

Hakuna aliyekufa. Mutoto mukubwa alivunjika mufupa wa bega. Shemeji alipoteza meno. Pesa ya hospitali ilitoka katika minervali, na watoto wawili walirudishwa nyumbani na masomo trimestri nzima. Kwa kukata resori mudogo alikuwa amelipa bei ya kreti moja ya bia.

Sasa vijana wengi wananiambia: "Papa, ni aksida ya barabara, si ya resori." Ngoja nieleze namna vitu hivi vinavyofanya kazi, kisha kila muntu apime.

Resori kazi yake ni kubeba uzito. Haina akili nyingine: ukiisukuma, inarudi, ikirudi, inapita kiasi, inashuka tena, inapanda tena. Ukiiacha peke yake, motokari itaruka-ruka sawa vile chura. Amotiseri njo inasema, "basi, tulia." Ndani yake kuna mafuta yanayopita katika vitobo vidogo, na mafuta yale yanakula nguvu ya resori. Kwa hiyo vitu hivi viwili ni bibi na bwana. Wale wa Toyota walipochagua resori ya kadiri fulani, walichagua na amotiseri ya kuifaa. Ukikata duara moja na nusu, resori inakuwa fupi na tena inakuwa ngumu, kwani chuma kinachobaki cha kujikunja kimepungua. Amotiseri ya zamani haiwezi kuituliza. Tena inafanya kazi karibu na chini yake kila saa, mahali ambapo haikupangiwa kukaa, mpaka inavuja.

Kuna garaji ambazo hazikati hata. Zinapasha resori moto na shalumo mpaka inalala yenyewe. Hiyo ni mbaya zaidi. Chuma cha resori kilipata nguvu yake kwa moto uliopimwa na kupozwa kwa kipimo. Ukikipasha bila kipimo, nguvu inakwenda, na hakuna anayejua siku gani kitavunjika. Mufua chuma yeyote wa Katanga anajua hayo, tangu zamani za mababu waliokuwa wanayeyusha shaba ndani ya udongo.

Na ile habari ya "kushika barabara"? Celica ya namna hii mbele yake imejengwa na amotiseri iliyosimama wima, na chini kuna triangili moja kila upande inayoshika gurudumu. Motokari ikikaa kwa urefu wake, triangili inalala karibu sawa na ardhi. Ukiishusha sana, ncha ya nje ya triangili inatazama juu. Hapo mambo yanageuka. Katika kona motokari inalala upande zaidi kuliko mbele, hata kama tumbo lake liko karibu na chini. Na gurudumu likipanda tobo, volani inavutwa yenyewe kuume au kushoto, pasipo muntu kuigusa. Mupira unaisha upande wa ndani, na kwa haraka. Kardani zinazunguka zikiwa zimejikunja vibaya, gomu zao zinapasuka, mchanga unaingia. Unalipa mara ine kitu ulichoambiwa ni cha bei chini.

Wafanyakazi wa karieri, nyinyi mnajua haya yote, ila mnayaacha kazini. Dampa kubwa haina resori za kuzunguka. Ina silinda zenye mafuta na gazi ya nitrojeni. Operatere anafika asubui, mbele ya kupanda anazunguka mashini na karatasi yake, anatazama silinda zote. Akiona moja imeshuka kuliko mwenzake, anaandika, anakataa kupanda, na shefu hawezi kumulazimisha. Juu anajua mugongo wake utalipa, na shasi itapasuka. Muntu yule yule, mudogo wangu, anatoka posti, anavua kofia, anapanda Celica yenye resori zilizokatwa na msumeno na kuweka watoto wake nyuma. Mimi sielewi. Mashini ya kompani inapata heshima, na motokari inayobeba damu yetu inapata msumeno?

Wanaonyeshana vidéo kwenye telefone: motokari za chini, barabara za Ulaya na Japan, gudroni laini sawa vile meza. Ndiyo, pale kushusha motokari sentimeta mbili au tatu, na resori zilizotengenezwa kwa kazi ile na amotiseri za kuzifaa, kunaweza kusaidia. Hata wa rally wanaposhindana kwenye gudroni ya Corsica wanakaa chini. Lakini tazameni walichofanya walipokuja Afrika kwenye Safari Rally, ile iliyoanza 1953 na kuzunguka Kenya, Uganda na Tanganyika. Celica zilishinda pale 1984, 1985 na 1986, miaka mitatu ikifuatana. Zikashinda tena 1990 na 1992, na 1993 Toyota ikachukua nafasi ine za kwanza pamoja. Mbele ya Celica, Datsun 240Z ilishinda 1971 na 1973, nayo ni motokari ya sport kabisa, ya viti viwili. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyolala chini. Zilinyanyuliwa juu, gurudumu likapewa nafasi ndefu ya kupanda na kushuka, chini zikawekewa bamba la kulinda tumbo, na mahali pa kufungia amotiseri pakaongezewa chuma. Watu wenye pesa nyingi na wahandisi wengi, walipoona matobo yetu, walichagua urefu. Kijana akitaka kuniambia kwamba sport ni kulala chini, kwanza amjibu Juha Kankkunen.

Basi tufanye nini na motokari ya sport yenye miaka 25 au 30? Sisemi tuiache. Inaweza kurudi kuwa nzuri, hata kupita vile ilivyokuwa wakati unainunua. Lakini kazi inaanza mahali ambapo jicho haliangalie.

Inaanza na mupira mweusi wa silambloki. Mupira unazeeka hata kama motokari inalala chini ya muembe: unakauka, unapasuka, unaachana na chuma. Tia chuma cha kunyanyulia kati ya triangili na shasi, sukuma. Ikicheza, unalo jibu la ile toko-toko. Kisha nyanyua gurudumu na kriki, weka kisimamo cha chuma chini (kriki peke yake imekwisha kuua watu), shika gurudumu juu na chini, tikisa. Likicheza na rotili ikicheza, usiendeshe tena mpaka umebadilisha, kwa sababu rotili ikitoka gurudumu linalala chini ya motokari. Motokari nyingi ambazo wenyewe wanasema "zinahitaji suspansio ya sport" zinahitaji tu silambloki ine na rotili mbili.

Neno moja ambalo mekanisye wengi wanalisahau, na mimi nililifundishwa kwa kupigiwa kelele na shefu wangu wa kwanza: buloni za silambloki hazikazwe wakati magurudumu yananing'inia hewani. Zikazwe motokari ikiwa imesimama juu ya magurudumu yake. Ukizikaza hewani, siku unaishusha mupira unajipinda na kubaki umejipinda, na miezi michache nyuma unapasuka. Halafu muntu anasema vipande ni vya bandia. Vingine ni bandia kweli, sikatai, lakini vingine tuliviua sisi wenyewe.

Kisha njo amotiseri. Zinabadilishwa mbili mbili, kushoto na kuume pamoja. Ile iliyoloa mafuta imekufa. Ukinunua za okazio zilizotoka Dubai, isimamishe wima, sukuma fimbo yake chini na kuivuta juu mara kadhaa: kama kuna mahali inapita bure bila kukaza, imuachie muuzaji. Kama una pesa kidogo, nunua mpya mbili za mbele mwezi huu na mbili za nyuma mwezi mwingine. Chagua zenye nguvu kidogo kuliko za kawaida lakini kwa resori ya urefu wake. Na kwa jina la Mungu, musifungue ekru ya juu ya amotiseri bila kukaza resori na chombo chake. Resori iliyobanwa inaruka na nguvu ya kuvunja taya. Kufunga na waya au kamba, vile nimeona kwa macho yangu, ni kucheza na kifo.

Resori zenyewe, kama hazijavunjika wala kuchoka, ziachwe. Kama zimechoka, weka mpya za urefu wake. Wengine wanauza suspansio ya kuzungusha, ambayo unapandisha na kushusha kwa ufunguo. Ni kitu kizuri kwa barabara safi. Kwetu matope ya masika na vumbi la kiangazi vinaingia katika nyuzi zake, na mwaka mumoja nyuma haizunguki tena. Silambloki za plastiki ngumu nazo, mimi sizipende: zinapiga kelele zikikosa grisi, na zinapeleka kila tobo moja kwa moja katika shasi yenye umri.

Mwisho, paralelismu. Muntu anatumia mushahara mzima kwa vipande, halafu anakataa kulipa kidogo ili magurudumu yapimwe. Mipira mipya inaliwa upande mumoja, na bwana analaumu Wachina.

Najua jibu lingine: "Papa, tengenezeni barabara, motokari haitaumia." Ni kweli, tena kweli kabisa. Kamyo za shaba na kobalti zinapita usiku na muchana kwenda Kasumbalesa, na sisi tunaotoa shaba ile tunapita ndani ya matobo yake. Hilo tulidai, na tuendelee kulidai kwa sauti. Lakini mutoto wa mudogo wangu hakuvunjika bega kwa tobo peke yake. Kamyo ile ile, tobo lile lile, motokari nyingine tatu nyuma yao zilipita pembeni mule mule, zikatikisika, zikaendelea.

Kwa ndugu mekanisye nasema hivi. Ninajua muteja akikuya na pesa mukononi ni vigumu kumwambia hapana, kwani atakwenda kwa jirani mwenye msumeno. Hata hivyo nanyi munapanda motokari zile kwenda matanga. Katika karieri fundi akitia mukono kwenye freni au suspansio anaandika jina lake kwenye karatasi. Ningependa kila garaji ya site ifanye vile: iandike ni nini ilikata, nani aliikata, na tarehe gani. Nadhani misumeno mingi ingepumzika.

Na mama zetu, hamjaulizwa katika mambo haya, lakini nyinyi njo munakaa kiti cha pembeni na mutoto juu ya magoti. Siku baba analeta motokari kutoka garaji, usitazame rangi. Sukuma pembe ya mbele na mikono miwili, kwa uzito wako wote. Ikishuka, ikapanda mara moja na kutulia, panda. Ikikataa kushuka, au ikicheza-cheza juu na chini, uliza maswali, hata mbele ya rafiki zake.

Celica ya mudogo iko katika kiwanja changu tangu miezi mitano, juu ya visimamo ine. Tulipata resori nzima kutoka kwa Celica moja iliyoungua injini Lubumbashi. Silambloki za triangili ya kushoto tumeweka. Za kuume hatujapata bado. Zile walizotuletea ni pana kwa milimeta mbili, na muuzaji alitaka tuzipige na nyundo. Tumezirudisha. Mutoto mukubwa anakuya siku ya posho kushika taa wakati tunafanya kazi, na mukono wake wa bega lile haujapanda sawasawa. Aliniuliza kama motokari itakwisha mbele ya mvua. Nikamwambia sijue.